Ukuta Usioonekana Unakaguliwaje? Majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Toleo lililopita tuligusia kuta za zege zinazojengwa ndani ya ardhi kwa msaada wa tope la bentonaiti (udongo mfinyanzi unaovimba ukilowa), na namna vipimo vyake vinavyogeuzwa ramani ili kasoro zionekane kabla udongo haujaondolewa. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua sita.

Mimi ni fundi nondo, niko Kibirizi, Kigoma. Mhandisi mmoja alituambia kwamba ukuta wa namna hii “unachorwa ramani” kabla na baada ya kumwaga zege. Sisi tumezoea timazi na futi. Ni ramani gani hiyo, na inaanzia wapi?

Fundi, inaanzia kwenye futi hiyo hiyo uliyonayo.

Ukuta huu hauna boksi la mbao. Boksi lake ni udongo wenyewe. Kwanza hujengwa kuta elekezi mbili fupi za zege, zenye kina cha mita 1 hadi 1.5, zikitazamana kwa upana wa ukuta unaotakiwa, mara nyingi milimita 600, 800 au 1,000. Grabu, yaani koleo kubwa la mashine, huchimba katikati yake paneli (kipande kimoja cha ukuta) moja baada ya nyingine, na shimo hubaki limejaa tope muda wote ili kingo zisianguke. Keji, yaani kizimba cha nondo, hushushwa ndani ya tope, kisha zege humwagwa kwa bomba la trimi kuanzia chini kabisa, likisukuma tope juu. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuna jicho linaloona kinachoendelea. Ndiyo maana vipimo vinne huwekwa kwenye mchoro mmoja: umbo la shimo, ujazo wa zege, joto la zege linapoganda, na kasi ya sauti ndani ya zege lililokomaa.

Kila kipimo lazima kiwe na anwani tatu: namba ya paneli, umbali kutoka mwanzo wa ukuta elekezi, na kina. Kina kipimwe kutoka sehemu moja tu, yaani juu ya ukuta elekezi, palipopakwa rangi na kupimwa kimo na mpima ardhi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, wala si kwenye mashine. Mmoja anapima kina kutoka usawa wa udongo, mwenzake anapima kutoka juu ya ukuta elekezi, na tofauti yao ni mita nzima. Kipimo cha sauti kinasema kuna kasoro mita 11.4, anayetoboa anatoboa mita 10.4, anakuta zege zuri, kila mtu anafurahi. Kasoro imebaki pale pale.

Umbo la shimo lina uzito gani? Piga hesabu hii. Kiwango cha Ulaya cha kazi hizi, EN 1538, kinaruhusu ukuta kuinama asilimia 1. Kwenye kina cha mita 25 hiyo ni milimita 250. Paneli moja ikiinama upande wa ziwa na jirani yake ikiinama upande wa barabara, zimeachana milimita 500. Ukuta wa milimita 800 unabaki umegusana milimita 300 tu kule chini, na kila paneli peke yake imepita ukaguzi! Kwa hiyo usikubali kuletewa ramani ya paneli moja moja. Dai mchoro wa paneli mbili jirani juu ya karatasi moja, ukionyesha kiungo, yaani pale zinapokutana, hadi chini.

Jambo moja zaidi kwa ninyi wa kando ya ziwa. Tope lazima lisimame juu kuliko maji ya ardhini, angalau mita 1, na heri ikifika 1.5. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda miaka ya karibuni na maji ya ardhini ya ufukweni yakapanda nayo. Usitumie kimo cha maji kilichoandikwa kwenye ripoti ya zamani ya udongo. Chimba kisima kidogo cha kupimia, upime asubuhi ya siku ya kuchimba, na ikibidi inua ukuta elekezi. Maji ya kukorogea bentonaiti nayo yapimwe. Maji yenye chumvi huifanya igande vipande vipande badala ya kuvimba, na mkoa wenye chemchemi za chumvi kama za Uvinza hauna sababu ya kushangazwa na hilo.

Tuliteremsha kifaa cha mwangwi kwenye shimo la mita 22. Picha ilikuwa safi hadi mita 14, kuanzia hapo ikawa ukungu mtupu. Mkandarasi anasema mashine ni mbovu, tuendelee kumwaga. Tufanyeje? (Msimamizi wa kazi, Kigoma)

Msimwage.

Kifaa hicho hutuma sauti pande nne na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Kwenye shimo la milimita 800, kikiwa katikati, sauti husafiri milimita 400 kwenda na 400 kurudi. Kwa kasi ya karibu mita 1,480 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya milisekunde (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Chembe za mchanga zinazoelea na mapovu ya hewa huila sauti njiani. Ukungu ukitokea pande zote nne kwa kina kile kile, mashaka yaende kwanza kwenye tope. Ukitokea upande mmoja tu, mashaka yaende kwenye udongo: huenda ukingo umemeguka na sauti haipati uso wa kugonga.

Chukueni sampuli ya tope mita 14 na nyingine karibu na sakafu, kwa chombo kinachofungwa kule kule chini. Sampuli ya juu haina maana, maana mchanga hauelei. Kabla ya kumwaga zege, uzito wa tope usizidi gramu 1.15 kwa mililita, mchanga usizidi asilimia 4 (ni ule unaobaki kwenye chujio lenye matundu ya milimita 0.075), na muda wa kupita kwenye faneli ya Marsh (ya kupimia wepesi wa tope kutiririka) uwe sekunde 32 hadi 50. Kwa kulinganisha, maji matupu hupita kwa sekunde 26. Mkikuta mchanga asilimia 9, mmepata jibu la ukungu wenu, na mmepata pia sababu ya kutomwaga: mchanga huo ungetua juu ya zege linalopanda na kunaswa kwenye nondo na viungo.

Pitisheni tope kwenye mtambo wa kuchuja mchanga huku mkirudisha safi, mkinyonya kutoka chini. Liacheni litulie ili mapovu yatoke, kisha mpime upya. Kabla ya kuteremka, hakikisheni upana unaosomwa na kifaa ndani ya ukuta elekezi unalingana na upana mliopima kwa futi. Hiyo ndiyo mizani yenu. Pimeni kikishuka, pimeni kikipanda, mlinganishe. Kisha kigeuzeni nusu duara na kurudia: ukuta “ukihamia” upande wa pili, kilichoinama ni kifaa. Kwa paneli ya mita 6, fanyeni hivyo sehemu tatu. Mara moja katikati haitoshi, kwa sababu grabu imeuma mara tatu na kila uma una mwinamo wake.

Mnaweza kuona ni gharama ya nusu siku. Mjini Cologne, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji lilibomoka kando ya shimo la reli ya chini na watu wawili wakafa. Uchunguzi uliishia kwenye kasoro ya ukuta wa aina hii hii.

Je, kuna njia ya kujua hali ya ukuta siku hiyo hiyo ya kumwaga, bila vifaa vya bei kubwa? (Fundi sanifu, Gungu, Kigoma)

Ipo, na kwa maoni yetu ndiyo ramani bora kuliko zote kwa bei yake. Unahitaji futi ndefu yenye uzito mwishoni, kalamu, na mtu asiyechoka.

Chukua paneli ya mita 6 kwa 0.8. Eneo lake ni mita za mraba 4.8. Gari la zege la mita 6 za ujazo linapaswa kuinua zege kwa mita 1.25. Kila gari likiisha, pima kimo cha zege sehemu tatu: ncha mbili na karibu na trimi. Weka nukta kwenye karatasi ya miraba, kina upande wa kushoto, ujazo chini.

Gari likiinua mita 0.9 tu, maana yake eneo la shimo pale ni karibu mita za mraba 6.7. Udongo ulimeguka na zege limejaza pengo. Utalipa zege la ziada, na baadaye utakuta nundu ya kukata upande wa ndani, lakini ukuta upo. Gari likiinua mita 1.6, ndipo uogope. Eneo limebaki 3.75, na kuna kitu kimekaa mahali pa zege. Inaweza kuwa udongo ulioporomoka, inaweza kuwa tope zito lililonaswa. Andika kina hicho kwa wino mwekundu, maana ndipo utakapotazama kwanza matokeo ya joto na sauti yakija.

Tofauti kati ya ncha mbili nayo inasema. Zege likiwa juu upande mmoja kwa zaidi ya nusu mita, halitiririki vizuri: ama slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege, imeshuka (inatakiwa milimita 180 hadi 220), ama trimi iko mbali. Zege lisilazimishwe kutembea kwa ulalo zaidi ya mita 2.5 kutoka kwenye bomba, kwa hiyo paneli ya mita 6 inataka mabomba mawili. Na grafu hiyo hiyo ndiyo inayokuambia lini ukate kipande cha trimi, kwa sababu mdomo wake lazima ubaki umezama ndani ya zege mita 3. Anayekata kwa kukisia siku moja atauchomoa juu ya zege, tope litaingia, na hapo umepata tabaka la uchafu kutoka ukingo hadi ukingo.

Waya wa joto tuliofunga kwenye keji umeonyesha ubaridi kati ya mita 9 na 11, upande mmoja. Tuvunje? (Kigoma Ujiji)

Bado. Saruji ikiganda hutoa joto, na sensa zilizopangwa kila sentimita 30 kwenye waya hulisoma, kwa kawaida kati ya saa 12 na 48 baada ya kumwaga. Palipo na saruji pungufu pana ubaridi. Lakini hata sensa iliyosogea karibu na udongo husoma ubaridi.

Tazameni waya wa upande wa pili wa keji, kina kile kile. Ukiwa na joto kuliko kawaida, na wastani wa nyaya mbili ukalingana na wastani wa paneli, keji ndiyo iliyosogea. Zege lipo, ila kifuniko cha nondo (unene wa zege linaloifunika) upande mmoja kimepungua chini ya milimita 75 zilizotakiwa, pengine mabiskuti ya pembeni (vipande vinavyoitenga nondo na ukingo) yaling’oka wakati wa kushusha. Nyaya zote zikiwa baridi pamoja, hapo kuna upungufu wa zege au zege dhaifu. Linganisheni na grafu ya magari ya zege tuliyoeleza kwenye jibu lililotangulia. Kuna na sababu ya tatu, ambayo kando ya ziwa msiisahau: tabaka la mchanga lenye maji yanayotembea hupoza ukuta kwa nje. Ripoti ya udongo itawaambia kama tabaka hilo lipo mita 9 hadi 11. Mita ya juu kabisa na ya chini kabisa huwa baridi kiasili, zisiwatishe.

Mliouliza kuhusu mabomba ya kipimo cha sauti (hufungwa kwenye keji ili vifaa vya kutuma na kupokea sauti vishushwe ndani yake): tumieni ya chuma ya milimita 50, si ya plastiki. Plastiki huachana na zege na kuacha uwazi mwembamba wa hewa, na ramani inajaa kasoro ambazo hazipo. Yazibwe chini, maungio yawe ya nyuzi za kuskrubu bila kuzungushiwa nailoni kwa nje, yajazwe maji safi kabla au ndani ya saa moja baada ya kumwaga. Zege zuri hupitisha sauti kwa mita 3,500 hadi 4,500 kwa sekunde. Mabomba yakiachana sentimita 80, sauti ya kasi ya mita 4,000 kwa sekunde hufika kwa milisekunde 0.20. Ikifika kwa 0.27, kasi imeshuka hadi karibu 3,000, na hapo pa kutoboa pamepatikana. Muda ukibadilika polepole kuanzia juu hadi chini, ni mabomba yamepinda. Ukiruka ghafla, ni zege. Kumbukeni pia kwamba kipimo hiki huona kilicho kati ya mabomba tu. Zege la kifuniko, nje ya keji, hakilioni.

Naweza kutumia GPS ya simu kuweka alama za mivujo ya ukuta? (Mwanafunzi, Kigoma)

Hapana. Simu hukosea mita kadhaa hata uwanjani, na ndani ya shimo lenye kuta pande zote ni mbaya zaidi. Paneli yako ina mita 6. Tumia futi kutoka kwenye kiungo cha paneli, na simu ibaki kwa picha, futi ikionekana ndani ya picha.

Hamjambo. Naishi Ipuli, Tabora. Najenga tanki la chini la maji ya mvua, mita 5 kwa 4, kina mita 3, kuta za sentimita 20. Fundi wangu ni mzuri, lakini siwezi kushinda site kila siku. Mashine hizo sina. Nami naweza kuwa na ramani ya ukuta wangu?

Hatujambo, mama. Unaweza, na utaitoa kwenye daftari la hesabu la mtoto wa shule.

Kuta zako nne kwa ndani zina mita za mraba 54. Kila mraba wa daftari uwe mita moja ya ukuta: ukuta mrefu miraba 15, mfupi 12. Ipe kila mraba jina, kwa mfano K-A1 kwa mraba wa kwanza wa ukuta wa kaskazini. Mwambie fundi apige chokaa mistari hiyo hiyo juu ya mbao za boksi, ili daftari na ukuta vizungumze lugha moja.

Kabla boksi halijafungwa, kila mraba uandikwe nafasi kati ya nondo na unene wa mabiskuti. Kwa ukuta unaogusa maji na udongo tunapendelea milimita 50. Biskuti ziwe za saruji na mchanga, zifungwe kwa waya. Kokoto iliyochomekwa nyuma ya nondo itaanguka vaibreta ikianza kuunguruma. Picha moja kwa kila mraba, futi ikionekana. Ukiwa safarini utaletewa kwa simu, na picha isiyo na futi irudishe.

Siku ya zege, hesabu mifuko. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 inatakiwa karibu mifuko 8 ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Kila mita ya kimo cha kuta zako hula mita za ujazo 3.8, yaani karibu mifuko 30. Mita ya kwanza ikiisha kwa mifuko 23, ama mchanganyiko umepunjwa ama zege halikufika chini. Ni hesabu ile ile ya magari ya Kigoma, ila kwa karai. Zege lishushwe kwa tabaka za sentimita 30 hadi 45, lisirushwe kutoka zaidi ya mita 1.5, na saa ya kila tabaka iandikwe. Palipopita muda mrefu kati ya tabaka mbili ndipo maji yatakapopenyea. Kiungo cha sakafu na ukuta ndicho kibaya kuliko vyote. Kiwekewe mkanda wa kuzuia maji, na uso wake ukwaruzwe na kuoshwa.

Boksi likitoka, gonga kila mraba kwa nyundo ndogo. Sauti kavu ya mlio ni zege. Sauti ya tupu, weka duara. Masega, yaani zege lenye matundu matundu, weka msalaba. Masega mazuri Tabora ni ya nyuki tu.

Usirudishe udongo kabla ya kujaza maji. Acha nafasi ya kusimama mtu pande zote, angalau sentimita 60, na kingo za shimo ziwe na mteremko au zishikiliwe kwa mbao, kwa sababu udongo wa kina cha mita 3 ukianguka haumpi mtu nafasi. Jaza polepole, si zaidi ya mita 2 kwa siku. Acha siku 7 zege linywe, kisha weka alama na upime siku 7 nyingine. Kwa tanki la mita 3, maji yakishuka zaidi ya milimita 6 baada ya kutoa yaliyokauka kwa jua, linavuja. Ya jua utayajua kwa ndoo iliyojaa maji, ikiwa inaelea ndani ya tanki. Wakati huo huo zunguka nje na uchore unyevu wote kwenye daftari. Unyevu ukiangukia kwenye mraba wenye msalaba, umeshajua pa kuchonga. Ukiangukia kwenye mstari wa tabaka, tazama saa zilizoandikwa.

Marekebisho yafanyike kwa ndani, tanki likiwa tupu: chonga hadi zege gumu, kingo za shimo ziwe wima na si za kupungua kama sahani, osha, lowesha, jaza kwa mota ya saruji isiyosinyaa, kisha jaribu maji tena. Na mwembe ulioko karibu, mama, kama umesimama ndani ya mita chache kutoka ukutani, uandike nao kwenye daftari. Mizizi yake itakuja.